Je, taa wa baharini na chura wa mtini wa Kakamega wanalinganishika?

MwalimuLurambi

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya kutwa viungani mwa mji wa Kakamega, na naomba mnisaidie katika jambo ambalo nimelizungusha kichwani kwa majuma mawili bila kulikata.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alipelekwa Diani na shangazi yake wakati wa likizo. Asubuhi moja, maji yalipokuwa yamekupwa, alikuwa akitembea juu ya mwamba akamwona taa mdogo mwenye madoa ya buluu amejibanza chini ya tumbawe, mkia peke yake ukiwa nje. Aliporudi nyumbani, usiku wa mvua wa juma lile lile, alimkuta chura wa mtini amejibandika kwenye kioo cha dirisha la jikoni, tumbo limeelekea ndani, koo likipwitapwita chini ya mwanga wa taa ya umeme. (Yeye mwenyewe ndiye aliyenitania kwamba ameona taa mara mbili, ya pili ikiwa ya stima.) Viumbe hao wawili hawakumtoka akilini, basi akaandika insha ya kuwalinganisha kwa ajili ya maonyesho ya chama chetu cha sayansi.

Mwamuzi mmoja aliyealikwa kutoka nje aliandika kwa wino mwekundu chini ya insha hiyo: "Hawa hawalinganishwi. Ni sawa na kulinganisha mtumbwi na kinu." Binti alilia, na mimi sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu nilipoisoma insha yenyewe niliona kwamba ilikuwa jedwali refu la mambo ya kweli yasiyoshikana: taa ana gegedu, chura ana mifupa, taa huzaa, chura hutaga, taa ana mwiba wenye sumu, chura hana, taa huishi katika maji ya chumvi, chura hapatani na chumvi hata kidogo. Kila mstari ni sahihi, lakini ukifika mwisho huna ulichojifunza zaidi ya kwamba wanyama wawili tofauti ni tofauti.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, je, upo msingi wa kisayansi wa kuwaweka viumbe hawa pamoja, au mwamuzi alikuwa na haki? La pili, binti amewataja kuwa Taeniura lymma na Leptopelis mackayi kwa kutazama picha. Je, amepatia?

Tezi_na_Figo

Mwalimu, huyo mwamuzi amejinasa kwa mfano wake mwenyewe. Mtumbwi na kinu vyote viwili ni magogo yaliyochimbwa tumbo, kimoja ili maji yasiingie na kingine ili nafaka isitoke, na fundi anayejua kuchonga kimoja hashindwi kukieleza kingine. Kasoro ya jedwali la binti si uongo, ni kukosa swali. Viumbe wawili wowote wanalinganishika mradi uwaulize jambo moja ambalo wote wawili wamelazimika kulijibu, na kwa hawa wako jambo hilo lipo wazi: kila mmoja anayazuiaje maji yake yasiibwe?

Nianze na taa. Watu wengi hudhani kwamba kiumbe aliyezama majini hawezi kuona kiu, lakini maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita, ilhali damu ya samaki wengi ina kama theluthi tu ya kiwango hicho. Kwa kanuni ile ile ya osmosisi ambayo wanafunzi wako huionyesha kwa vipande vya viazi, maji hutoka mwilini mwa samaki kwenda baharini kupitia matamvua, ndiyo sababu samaki wenye mifupa kama changu na tewa hunywa maji ya bahari mchana kutwa na kuitoa chumvi kupitia matamvua hayo hayo. Taa hafanyi hivyo. Yeye na jamaa yake papa huizuia urea, taka ya protini ambayo sisi huitoa kwa mkojo, na kuiacha izunguke katika damu mpaka ifikie kama gramu 20 kwa lita. Damu ya mtu mwenye afya ina kama theluthi ya gramu. Urea hiyo, ikijumlishwa na chumvi iliyomo katika damu na kemikali nyingine iitwayo trimethilamini oksidi, huifanya damu ya taa ilingane na bahari au kuizidi kidogo, kwa hiyo maji hayamtoki. Badala yake huingia polepole, naye hana haja ya kunywa. Figo zake hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya urea kabla mkojo haujatoka, na chumvi inayozidi huondolewa na tezi ndogo iliyo mwisho wa utumbo. Urea nyingi kiasi hicho huzilegeza protini za mwili, na hapo ndipo trimethilamini oksidi inapofanya kazi yake ya pili ya kuzishikilia zisiharibike.

Sasa mtazame chura akiwa kwenye kioo cha dirisha. Ngozi yake ni laini kiasi kwamba huvuta oksijeni kupitia hapo, na ngozi inayopitisha hewa haiwezi kuyakatalia maji. Akiwa dimbwini maji humvamia, naye huyatoa kama mkojo mwepesi. Akiwa juu ya jani, upepo humnyonya. Yeye pia hanywi kwa kinywa. Huketi mahali penye unyevu akayavuta maji kwa ngozi ya tumbo na ya mapaja, na akiba huiweka kibofuni. Akiwa bado kiluwiluwi hutoa taka yake kama amonia, maana ana maji tele ya kuizimua, lakini anapoota miguu na kujiandaa kupanda nchi kavu, ini lake huanza kuunda urea, ambayo sumu yake ni hafifu na inaweza kukaa mwilini kwa muda. Kwa hiyo wote wawili hawanywi, wote wawili wana urea, na tofauti ni kwamba mmoja ameifanya taka kuwa ukuta wa nyumba ilhali mwingine huihifadhi tu mpaka apate nafasi ya kuitupa.

Yupo hata chura aliyevuka mpaka huo. Katika mikoko ya kusini mashariki mwa Asia anaishi chura alaye kaa, Fejervarya cancrivora, anayestahimili maji ya chumvi ambayo yangewaua vyura wengine, na mwaka 1961 Malcolm Gordon, Knut Schmidt-Nielsen na Hamilton Kelly walionyesha kwamba huyastahimili kwa kulimbikiza urea katika damu, yaani kwa ujanja wa taa. Binti akimweka chura huyo katikati ya insha yake, mwamuzi hatakuwa na wino wa kutosha.

Kuhusu utambuzi wa taa, mwulize kama mkia ulikuwa na mistari miwili ya buluu iliyokwenda sambamba hadi karibu na ncha. Kama ilikuwepo, ni Taeniura lymma, aliyeelezwa na Peter Forsskål kutokana na safari yake ya Bahari ya Shamu, maelezo yaliyochapishwa mwaka 1775. Kama mkia ulikuwa na pete nyeusi na nyeupe, na usoni palikuwa na utepe mweusi uliopita machoni, huyo ni wa jenasi nyingine, Neotrygon, ambaye watu wengi humchanganya na huyu. Kujibanza chini ya tumbawe huku mkia ukichungulia ni tabia ya lymma. Hana desturi ya kujifukia mchangani kama taa wengine. Ya chura nawaachia wanaoshinda msituni.

Babu_wa_Gazi

Mwalimu, na wewe Tezi, nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kwale, nimevua kwa miaka zaidi ya thelathini, na sasa nimehamia Kisumu kwa mwanangu, mahali ambapo samaki ni mbuta, ngege, omena na kamongo, na ambapo nikisema "taa" watoto hutazama dari.

Huyo mwenye madoa namjua vizuri. Maji yakianza kujaa huingia pamoja nayo hadi kwenye mchanga wa kina kifupi, wawili watatu kwa pamoja, kutafuta kaa, kamba na minyoo, na yakianza kupwa hurudi mwambani kila mmoja kwenye shimo lake. Binti alimkuta mafichoni kwa sababu alitembea maji yakiwa yamekupwa. Angekwenda saa nne baadaye asingemwona pale. Ni mdogo, upana wa sahani kubwa ya pilau, sikumbuki kuona aliyezidi shubiri moja na nusu. Kwetu taa ni jina la jumla. Wenye mwiba huitwa nyenga, na yule mkubwa mwenye kichwa kilichochomoza, anayepiga mapezi kama ndege, ni pungu.

Sasa nataka kuchangia kuhusu hiyo urea, kwa sababu nimesoma maelezo ya Tezi mara mbili na nikajikuta nacheka peke yangu. Tangu utoto nilijua kwamba nyama ya taa na ya papa ikikaa jua moja bila chumvi hupanda puani kama choo cha stendi, machozi yakakutoka, na siku zote nilidhani ni uchafu wa wavuvi au ni samaki waliokufa wavuni mapema. Mama yangu alimkata vipande, akamloweka, akamwaga maji, akamloweka tena, kisha akamkamulia ndimu au kumtia ukwaju kabla ya kumweka kwenye tui. Tulidhani ndimu ni ya ladha. Mwaka jana mgeni kutoka nyumbani aliniletea vipande vya taa mkavu, nikaviweka jikoni huku Kisumu vikiwa vimefungwa katika gazeti, na kabla ya magharibi jirani wa ghorofa ya juu alikuwa mlangoni akiuliza kwa adabu kama kuna mtu aliyemwaga dawa ya kusafishia choo. Mkwe wangu hajanisamehe mpaka leo. Je, harufu hiyo ndiyo urea yenyewe?

Na mwambieni binti kwamba siku nyingine akitembea majini aburure nyayo zake mchangani, asizinyanyue, ili nyenga ahisi na kuondoka. Mwiba wa huyu wa madoa uko nyuma sana, karibu na ncha ya mkia, kwa hiyo anaweza kuurusha mbele na kumchoma anayemkaribia kutoka upande wa kichwa. Mimi nilichomwa kifundo cha mguu nikiwa kijana, na maumivu yalipanda hadi kinenani. Dawa tuliyoijua ni kuutumbukiza mguu katika maji ya moto kadiri ngozi inavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa saa nzima au zaidi, na daktari niliyepelekwa kwake baadaye alisema kwamba hilo ndilo hasa walilofundishwa. Lakini hospitali ni lazima, maana kipande cha mwiba kikibaki ndani kidonda hakifungi.

Tezi_na_Figo

Babu, shikamoo. Urea yenyewe haina harufu. Taa akishakufa, bakteria huivunja urea ikawa amonia, na amonia ndiyo iliyomleta jirani mlangoni. Bakteria wengine huibadilisha ile trimethilamini oksidi ikawa trimethilamini, ambayo ndiyo harufu ya samaki aliyechina. Kuloweka huiondoa urea kwa kuwa huyeyuka upesi katika maji. Ndimu na ukwaju ni asidi, na asidi huishika amonia ikageuka chumvi isiyoruka hewani. Mama yako alikuwa na maabara.

Shamba_Lugari

Samahani kwa kuingilia. Hii urea mnayoitaja ina uhusiano wowote na urea ninayoinunua katika mifuko ya kilo 50 ili kukuzia mahindi, au ni majina tu yamefanana?

Tezi_na_Figo

Ni kitu kile kile kabisa, molekuli kwa molekuli. Ile ya mfuko hutengenezwa kiwandani kwa amonia na kabonidayoksaidi, na asilimia 46 ya uzito wake ni naitrojeni, ndiyo maana mahindi huipenda. Taa hutengeneza ya kwake mwilini.

TochiYaIsecheno

Nimekuwa nikiwatembeza wageni usiku katika msitu wa Kakamega kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema la chura, na pia nitampinga Tezi katika jambo moja.

Leptopelis mackayi ni chura wetu hasa. Alielezwa rasmi mwaka 2006 na timu ya watafiti iliyomjumuisha Beryl Bwong wa Makavazi ya Kitaifa, baada ya miaka mingi ya kuhesabiwa kuwa ni Leptopelis modestus, ambaye makao yake ni upande wa Kameruni. Jina lake linamkumbuka Alex Duff-MacKay, aliyewatafiti vyura na nyoka wa nchi hii. Hata hivyo, picha pekee haitoshi kumtambua, na rangi ndiyo shahidi mbaya kuliko wote, kwa sababu chura yule yule anaweza kuonekana kwa sura moja usiku na nyingine asubuhi. Mwanafunzi atazame jicho. Vyura wa jenasi ya Leptopelis wana macho makubwa yaliyotokeza, na mboni zao zikikutana na mwanga husinyaa zikawa mwanya uliosimama wima kama wa paka. Vyura wadogo wa matete, wa jenasi ya Hyperolius, mboni zao zimelala. Ukiwa na tochi, jambo hilo huchukua sekunde mbili kulithibitisha, na ni la kuaminika kuliko kulinganisha na picha za mtandaoni.

Kwa kuwa chura wa binti alikuwa kwenye kioo, aliona kitu ambacho mimi huwaonyesha wageni kwa taabu: upande wa chini wa vidole. Kila ncha ya kidole ina kisahani, na ukikitazama kwa kioo cha kukuza utaona kwamba kimegawanyika katika vijivigae vingi vyenye pembe, kama sakafu, vikiwa vimetenganishwa na vijifereji vya ute. Ute huo ndio unaomshika, pamoja na mgusano wa karibu wa vigae vyenyewe. Akitaka kuondoka haung'oi mguu kwa nguvu, bali huubandua kuanzia nyuma kwenda mbele, kama mtu anavyobandua stempu.

Uzazi pia haukai vizuri katika lile jedwali la "huzaa" na "hutaga". Vyura wa Leptopelis hawatagi majini. Jike huchimba udongo wenye unyevu karibu na maji na kuyazika mayai humo, na viluwiluwi wakishaanguliwa hujinyonganyonga kama mikunga wadogo mpaka waufikie mkondo au dimbwi. Naye taa, ingawa huzaa watoto hai wasiozidi saba kwa mkupuo, hana kondo la nyuma. Watoto hukua tumboni wakila kiini cha yai kwanza, kisha wakinywa majimaji mazito yenye mafuta na protini yanayotolewa na ukuta wa mji wa mimba. Hivyo wote wawili huanza na yai lenye kiini, na wote wawili wamelificha yai hilo mahali ambapo maji ya nje hayalifikii moja kwa moja, mmoja ardhini, mwingine mwilini mwake. Naona hilo lina uzito zaidi ya maneno mawili yaliyowekwa safu mbili.

Jambo ninalompinga Tezi ni hili. Umemfanya chura wetu aonekane kana kwamba anaishi jangwani. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na usiku wa msitu hata nguo niliyovaa hulowa bila mvua kunyesha. Mackayi wa Isecheno, ndani ya msitu huo, hapambani na kiu kama nyenga anavyopambana na bahari. Binti akiandika kwamba wanyama hawa wawili wana shida moja, atakuwa ameiazima shida ya chura mwingine na kumvika huyu.

Tezi_na_Figo

Tochi, nakubali, na ni heri umelisema wewe unayelowa. Nilipaswa kutenganisha chura wa msituni na jamaa zake wa nje ya msitu, kwa sababu hadithi kali ya kiu ni ya hao wa nje.

Wapo wawili wa kutajwa. Wa kwanza ni Leptopelis bocagii wa nyanda, ambaye licha ya kuwa wa jenasi ya vyura wa mtini hajali miti. Kiangazi hujifukia ardhini na kujivika ganda linalotokana na ngozi yake mwenyewe. Wa pili ni kundi la vyura wa matete linaloitwa Hyperolius viridiflavus, ambao hata hapa Kisumu, pembezoni mwa ziwa, huwasikia usiku wakilia kama chupa ndogo zinazogonganishwa. Katika miaka ya 1980 Eduard Linsenmair na wenzake, Wajerumani, waliwachunguza wale wa savana ya Afrika Magharibi, ambao wakati huo walihesabiwa kuwa tawi la spishi hii hii, na matokeo yao yananistaajabisha hadi leo. Kiangazi kinapofika, vijichura hivyo, kila kimoja kikiwa na uzito usiofika gramu moja, havijifichi; hung'ang'ania bua kavu juani kwa majuma mengi bila tone la maji. Hawawezi kukojoa, kwa maana mkojo ni maji, lakini taka ya naitrojeni inaendelea kuzaliwa mwilini. Sehemu ya taka hiyo huigeuza kuwa fuwele za guanini, kemikali yenye naitrojeni nyingi, na jamaa zake, kisha huzipanga ndani ya seli za ngozi, mpaka ngozi inakuwa nyeupe ya kung'aa na kurudisha mionzi ya jua. Yaani hukipaka chokaa chombo chao kwa takataka zao wenyewe.

Sasa rudi kwa yale madoa ya taa yaliyomvutia binti tangu mwanzo. Buluu ile haitokani na rangi yoyote ya buluu. Watafiti walioichunguza ngozi ya Taeniura lymma wamekuta seli zilizojaa vijifuko vidogo mno vyenye fuwele za guanini, vilivyokaa kwa umbali unaorudisha mwanga wa buluu peke yake, na chini yake kuna tabaka la rangi nyeusi iitwayo melanini linalomeza mwanga uliobaki. Ndiyo sababu doa halibadiliki ukilitazama kutoka upande mwingine. Chura wa kijani hutumia vifaa hivyo hivyo, ila juu ya seli za guanini huongeza tabaka la seli za manjano, na buluu iliyopita katika manjano hufika machoni mwetu ikiwa kijani. Vyura wa kijani wakihifadhiwa kwa muda katika spiriti, ile manjano huyeyuka ikatoka, na kilichobaki ndani ya chupa ni chura wa buluu.

Mwisho ni suala la ukoo, ambalo kwa watu wa Kisumu lina utamu wake. Kwenye jedwali la binti, taa na kamongo wangewekwa pamoja kama samaki, chura akakaa peke yake. Nasaba haiko hivyo. Njia ya taa na ile ya samaki wenye mifupa zilitengana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na kamongo, mwenye mapafu na mapezi ya nyama, yuko upande wetu sisi na chura. Kamongo wa Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, ana udugu wa karibu na chura kuliko alio nao na taa, na hata kuliko alio nao na ngege aliyelala naye kwenye sinia moja sokoni. Kamongo naye, tope likimkaukia, hujizungushia ganda la ute na kulimbikiza urea mpaka mvua irudi. Mmarekani Homer Smith, mtaalamu wa figo, alikuja huku mwaka 1928 kwa ajili ya kamongo, na ndiye pia aliyeandika kwa kina mwaka 1936 kuhusu urea katika damu ya papa na taa. Mtu mmoja aliwaweka kamongo na taa kwenye meza moja, na hakuna aliyemwandikia kwa wino mwekundu.

KijanaWaDunga

Kwa hiyo mbona hatuna taa ziwani? Kama urea ndiyo inayomsaidia baharini, si angeingia huku akapumzika?

Tezi_na_Figo

Angeingia huku na urea ile, maji ya ziwa yangemfurika kama mpira wa kujazwa, maana sasa damu ndiyo nzito na ziwa ndilo jepesi. Taa wa mito ya Amerika Kusini, wa familia ya Potamotrygonidae, wamelitatua hilo kwa kuiacha kabisa kazi ya kulimbikiza urea. Yupo pia taa wa maji baridi katika mito ya Niger, Benue na Sanaga. Lakini mababu wa hao wote walipanda kutoka baharini wakiwa na njia, na Ziwa Viktoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hushuka kuelekea baharini kwa maporomoko ya Naili. Hata Babu wa Gazi hajaona nyenga anayepanda maporomoko.

Babu_wa_Gazi

Sijaona.

MwalimuLurambi

Nawashukuru nyote. Nimemsomea binti majibu yenu leo baada ya vipindi. Kuhusu mkia, amesema bila kusita kwamba mistari ilikuwa miwili na ya buluu. Kuhusu jicho la chura hakumbuki, kwa hiyo amefuta jina la mackayi na kuandika "chura wa jenasi ya Leptopelis, huenda", na ameniomba tochi kwa ajili ya usiku wa mvua utakaofuata.

Jedwali amelichana. Badala yake amechukua chupa mbili za lita moja zilizojazwa maji, akaazima mizani ya maabara, na kwa kuwa baba yake ana salio la mbolea ya kukuzia, amepima gramu 20 za urea katika chupa ya kwanza na kubandika karatasi iliyoandikwa TAA. Ya pili imeandikwa MIMI. Hapo ilitakiwa theluthi ya gramu, na mizani yetu ilikataa kusoma kiasi kidogo namna hiyo, kwa hiyo amepima gramu moja, akaigawa mafungu matatu kwa wembe juu ya karatasi, na kutia fungu moja. Sasa anataka chupa ya tatu, ya kamongo aliyefukiwa na tope, na ananiuliza atie gramu ngapi.

Tezi_na_Figo

Mwambie aandike jina na aiache tupu kwanza, mpaka nipekue maandishi ya Smith nimpe kiwango alichokipima mwenyewe. Na chupa zote azibandike alama ya sumu, maana nawajua wanafunzi wa kidato cha tatu.